Maswali ya Wasomaji: Jairoskopu ya Faiba Isiyoona Dunia Ikizunguka

SWALI: Mhariri, ninasomea ufundi wa umeme hapa Kisumu, na pamoja na wenzangu wawili tumeunda jairoskopu ya faiba, yaani kifaa kinachohisi mzunguko kwa mwanga unaopita ndani ya uzi wa kioo, kwa ajili ya mradi wetu wa mwisho. Tulizungushia mkebe wenye kipenyo cha sentimita 20 mita 500 za faiba ya kawaida ya intaneti, tukaulaza mezani na kupitisha mwanga wa leza wa nanomita 1550. Tukiuzungusha mkebe kwa mkono, kipimo kinaruka vizuri, lakini mzunguko wa dunia, ambao vitabu vinasema unapimika, hatuuoni. Tumeongeza faiba ikafika mita 1000 na hali ni ile ile. Isitoshe, mchana kipimo hupanda na kushuka chenyewe. Je, tununue kilomita nyingine?
Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Msinunue kitu bado. Ni kweli kwamba faiba ndefu na koili pana huongeza uwezo wa kifaa kuhisi mzunguko, kwa sababu tofauti ya awamu, yaani kiasi ambacho mawimbi ya mwale mmoja yametangulia ya mwingine, kati ya miale miwili inayopita koili kwa pande zinazokinzana, jambo ambalo Mfaransa Georges Sagnac alilionyesha mwaka 1913, hukua kadiri urefu wa faiba na kipenyo cha koili vinavyokua. Kwa kuongeza mita 500 mliikuza mara mbili. Ila sufuri mara mbili ni sufuri, na kosa la kwanza liko pale mezani.

Koili iliyolazwa huhisi tu mzunguko unaofuata mhimili wake, nao umesimama wima. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, na mezani London zingeonekana takribani 12 kati ya hizo. Kisumu, iliyo kusini mwa ikweta kwa sehemu ya kumi tu ya digrii, kinachobaki hakifiki hata sehemu 3 kwa 100 za digrii kwa saa. Vitabu vingi vya somo hili viliandikiwa mbali na ikweta, kwa hiyo siwalaumu. Isimamisheni koili kama gurudumu la bodaboda inayoelekea mashariki, ekseli yake ikitazama kaskazini na kusini, nanyi mtapata digrii 15 zote. Someni kipimo, kisha igeuzeni koili nyuma mbele na msome tena: tofauti itakuwa digrii 30 kwa saa, na hitilafu yoyote isiyobadilika itakuwa imejifuta.

Hata hivyo ishara yenyewe ni ndogo mno: kwa koili yenu, digrii 15 kwa saa huleta tofauti ya awamu ya takribani radiani 0.0002. Miale miwili ikirudi pamoja, mwanga huwa kileleni, na kileleni pa kilima hatua moja haikushushi. Mwanga hupungua kwa sehemu moja kati ya milioni 100, wala hamjui koili imezungukia upande upi. Awamu ikisogezwa kwa robo ya wimbi mnakuwa mmesimama kwenye mteremko, na badiliko lile lile linafika sehemu moja kati ya 10,000. Zungushieni mita chache za faiba, kwenye mwisho mmoja wa koili na si katikati, silinda ya kauri ya piezo inayotikiswa kwa umeme. Mwale mmoja huipitia mwanzoni mwa safari na mwingine mwishoni, takribani mikrosekunde 5 baadaye, ndiyo maana haitikiswi sawa, na tofauti hiyo ndiyo inayosogeza awamu. Mitikisiko kama 100,000 kwa sekunde yafaa kwa urefu wenu, na kigunduzi kisome kile tu kinachobadilika kwa mwendo huo.

Leza nayo ibadilishwe. Mwanga wake ni wa rangi moja mno, hivyo ule unaotawanywa na faiba na kurudi nyuma huchanganyika na ule halali. Diodi ya supaluminesenti, ambayo mwanga wake una wigo mpana, yaani mchanganyiko wa rangi nyingi, hupunguza fujo hiyo. Wekeni pia polaraiza moja, kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika kwa mwelekeo mmoja tu, kwenye njia ambayo mwanga huingilia na kutokea.

Kuhusu mchana, nalishuku paa la mabati. Mtafiti aitwaye Shupe alieleza mwaka 1980 kwamba joto likibadilika karibu na mwisho mmoja wa koili, miale miwili hupita hapo kwa nyakati tofauti, na kifaa hudhani kimezungushwa. Sogezeni kiganja karibu na koili bila kuigusa, mwone kipimo kikihama. Dawa yake ni kuifungua faiba yote na kuanza kuizungusha upya kutoka katikati yake: tabaka moja la nusu ya kwanza, mawili ya nusu ya pili, moja tena la ya kwanza, na kuendelea hivyo, ili sehemu zilizo umbali sawa kutoka katikati zilale karibu na zipate joto pamoja. Ni kazi ya kuchosha vidole, na faiba ikikunjwa vibaya hukatika, lakini ingekuwa shilingi zangu, ningeanzia hapa kabla ya dukani.

Kilomita moja ya faiba nzuri hula chini ya asilimia 5 ya mwanga, kwa hiyo kuongeza urefu hakuzuiwi na mwanga kupotea bali na joto hilo. Kipimo kikitulia usiku, mabati yakiwa yamepoa, na bado hamzioni digrii 30 mnapoigeuza koili, niandikieni tena tuzungumzie kilomita ya pili.