Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Msichana Anayejipangia Mazishi

Mwanangu mpendwa,

Rasimu ya tamthilia yako nimeisoma yote. Umeniuliza iwapo ni ukatili kuwachekesha watu kwa uchungu wa msichana wa miaka 15, hasa katika onyesho lile anapojifungia chumbani na kuyawazia mazishi yake mwenyewe. Kwa maoni yangu si ukatili, mradi yeye mwenyewe asijue kwamba anachekesha.

Onyesho hilo ndilo bora kuliko yote uliyoandika. Amelala ndani ya jeneza, lakini jicho moja li wazi, likikagua nani amekuja na nani hakuja, kisha anapandwa na hasira kwa kuwa adui yake wa darasani analia vizuri kuliko waombolezaji wote. Mwambie mwigizaji wako akasirike kwa dhati, kwani akiwatupia watazamaji jicho la utani hata mara moja, watamcheka mtoto badala ya kujicheka wenyewe.

Mwaka 1967 mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, alieleza kwamba kijana wa umri huo huishi mbele ya hadhira anayoiwazia, akiamini kwamba kila mtu anamtazama na kumpima, na wakati huohuo huamini kwamba yanayompata hayajawahi kumpata mwingine. Wewe umemletea hadhira ya kweli, imeketi gizani na imelipa kiingilio. Hofu yake kuu imetimia, naye hana habari. Ukali wa kichekesho chako umo humo, kwa hiyo huna haja ya kuongeza damu wala mizimu.

Unahofia pia kwamba kuzigawa sauti za kichwani mwake kwa waigizaji watatu kutawachanganya watu. Mrusi Nikolai Evreinov alifanya jambo la namna hiyo mwaka 1912, katika mchezo mfupi unaotokea ndani ya nafsi ya mtu mmoja, ambamo akili na hisia zinagombana hadi hisia inaikaba akili koo. Kinachochanganya ni sauti zote kuzungumza kwa namna moja, na katika rasimu yako Aibu na Hasira bado ni mapacha. Aibu isimalize sentensi zake. Hasira izimalize kwa niaba yake.

Mama katika tamthilia (sitauliza umemtoa wapi) anagonga mlango na kuuliza, "Umeshakula?", na binti anasikia, "Umenenepa." Hapo usiongeze neno. Mwache mama asimame nje na sahani mkononi, watu wacheke, kisha kicheko kiwakwame kooni.

Lakini hotuba yake ya ukurasa wa mwisho, anapomweleza binti kwamba kila mtu alipitia hayo, iondoe yote. Mlango haujafunguliwa bado, na mtu aliye nje hana njia ya kuyajua mazishi yaliyofanyika ndani.

Mama yako.