Kama ni dini, mbona Pemba?

Ndugu yangu, unasema dini ndiyo inayoleta umaskini na fujo. Haya, tueleze Pemba basi. Unguja na Pemba, visiwa viwili vikuu vya Zanzibar, karibu wote Waislamu, lakini hoteli za watalii zimejazana Nungwi na Paje huko Unguja, huku Pemba, inakotoka sehemu kubwa ya karafuu, ikibaki nyuma. Karafuu yenyewe bei hupangwa na serikali, si na imamu. Na mauaji ya Januari 2001 visiwani, kwenye maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa 2000? Wafuasi wa CCM, chama tawala, na wa CUF, chama cha upinzani wakati huo, visiwani walielekea kibla kimoja. Sikatai, 2012 makanisa yalichomwa Unguja, na hilo halina utetezi. Lakini hata Uamsho, kikundi cha Kiislamu cha Zanzibar, walipokuwa wakihubiri, hoja iliyojaza watu viwanjani ilikuwa kuupinga Muungano wa Zanzibar na Tanganyika.