Jirani wa dawati

Msomaji wetu wa Jinja, mwanamume wa miaka 53, ananiandikia kwamba tangu wenzake wa sekondari ya bweni waanzishe kundi la WhatsApp, usingizi umempaa. Hukaa sebuleni hadi usiku wa manane akitazama picha ya darasa lao ya mwaka 1988, mkewe ananung'unika, na mara mbili amepita kwa gari mbele ya shule ile bila shughuli yoyote. "Shangazi," anauliza, "je, nimeanza kuzeeka vibaya?"

Ndugu yangu, shangazi, au ssenga kama wasemavyo Baganda, kwa desturi huitwa kuwausia mabinti wanaokwenda kuolewa. Mwanamume mzima akimwandikia kurasa tatu, najua jambo limemkaa rohoni. Huzeeki vibaya. Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba mtu aliyevuka miaka 40, akiombwa asimulie maisha yake, hurudi zaidi kwenye umri wa kati ya miaka 10 na 30, kwa kuwa ndipo mambo mengi yalipomtokea kwa mara ya kwanza. Usiku wa kwanza wa kulala mbali na mama, sanduku la bati lenye jina lako kwa rangi nyeupe likiwa chini ya kitanda, haufutiki. Lakini Jumanne za ofisini zinafanana zote, na akili haina pa kuzishika, ndiyo maana miaka inaonekana kukimbia. Shuleni muda ulikatwa na kengele, na siku za kufunga muhula mlizihesabu kwa vidole. Sasa hakuna anayekupigia kengele.

Hata hivyo, niliporudia kuisoma barua yako niliona jambo ambalo huenda mwenyewe hukuliona. Posho na maharage yenye fukusi umevipa mstari mmoja, mpira nusu mstari, lakini jirani yako wa dawati umemtaja mara tano. Unasema mlikuwa na kitabu kimoja cha hesabu kati yenu, yeye akikisoma hadi saa nne usiku, kisha akikuamsha uchukue zamu yako. Unasema alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo katikati ya mwaka 1987, mkiwa kidato cha tatu, na hukumwona tena.

Mwaka huo nilikuwa nimeshaanza kazi, nami naukumbuka vizuri. Mwezi wa Mei serikali ilibadilisha noti, sufuri mbili zikaondolewa, na juu ya hapo asilimia 30 ya fedha ikakatwa kuwa kodi. Mtu aliyekuwa ameweka senti zake nyumbani akingojea muhula, na huenda baba wa jirani yako wa dawati, muuza samaki wa Masese, alikuwa mmoja wao, alijikuta hana cha kupeleka shuleni. Si wewe uliyemfukuza. Ila kitabu kilibaki kwako, na pembeni kabisa mwa ukurasa wa mwisho umeandika kwamba bado unacho.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Kundi hilo unalokesha nalo lifanye kazi moja ya maana: waulize wenzako nani anajua alipo, kwani katika watu wote hao hatakosekana mmoja. Mama watoto umweleze unamtafuta nani na kwa nini, maana sioni popote kwamba amewahi kusikia habari za mtu huyu, na mke anayeona taa ya simu usiku wa manane bila maelezo ana haki ya kunung'unika. Ukimpata, usianze na masimulizi ya mabweni, kwa kuwa raha zile ziliendelea yeye akiwa ameondoka. Mwulize kwanza habari za watoto na za kazi, umsikilize. Kitabu cha hesabu nenda nacho. Picha ya mwaka 1988 iache nyumbani, kwa maana yeye hayumo.