Injini inawaka ikiwa baridi, ikipata moto inazima

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: gari la zamani la kabureta lililolala miaka, asubuhi linawaka vizuri, likishapata moto linazima na haliwaki tena mpaka lipoe. Usifungue kabureta kwanza. Kila mtu hukimbilia huko, na mara nyingi haina kosa.

Likizima tu, kabla halijapoa, chomoa plagi moja, ichomeke tena kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini, mwenzio apige stata. (Hakikisha hakuna petroli iliyovuja hapo.) Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ikiwa ya njano na dhaifu, au hakuna kabisa, shuku koili (inayopandisha nguvu ya umeme wa cheche) na kondensa (kikopo kidogo cha umeme) ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Koili iliyochoka, waya wa ndani huachana kwa joto kisha hushikana ikipoa, ndiyo maana asubuhi inakudanganya. Mimi huanza kwa kubadilisha kondensa kwa kuwa ni kazi ndogo. Ya zamani usiitupe, maana hata mpya nyingine huja mbovu.

Cheche ikiwa safi, hamia kwenye mafuta. Legeza kifuniko cha tangi: kikivuta hewa kwa nguvu na gari likawaka, tundu la kupumulia limeziba. Filta nayo itazame, kutu ya tangi hujaa humo.

Petroli kuchemka kwenye bomba lililo karibu na ekzosi pia inawezekana, ila bila kuliona gari siwezi kuapa. Jaribu cheche likiwa bado la moto, utuambie rangi yake.