Jibu: Je, konsoli zinageuka kuwa kompyuta?

Mkuu, umeuliza kama konsoli, yaani mashine za kuchezea michezo ya video, zinakufa na kama ni busara kununua mashine chotara, ile ya mkononi iliyo konsoli na kompyuta kwa pamoja. Kwa ndani, mageuzi yalishatokea kitambo. PlayStation 3 ilikuwa na prosesa ya Cell, ya kipekee mno, iliyowatoa jasho watengenezaji wa michezo. Mwaka 2013 PlayStation 4 na Xbox One zikaja na chipu za kampuni ya AMD za aina ya x86, usanifu uleule wa kompyuta za kawaida. Kuhamisha mchezo kwenda kompyuta kukawa kazi nyepesi zaidi, na leo hata Sony, yenye PlayStation, inauza michezo yake kadhaa kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta.

Kilichobaki kilikuwa programu. Steam Deck, chotara ya Valve (wenye duka la Steam) iliyotoka 2022, inatumia SteamOS, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, na programu ya Proton ndiyo inayowezesha michezo ya Windows kuchezeka humo. Unawasha, unacheza. Ukitaka kompyuta kamili, nayo imo humohumo. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya michezo ya mtandaoni hugoma, kwa kuwa programu zake za kuzuia udanganyifu haziikubali Linux. Hapo ROG Ally, chotara ya Asus yenye Windows, ina nafuu, ingawa Windows kwenye skrini ndogo ni kero, tusidanganyane.

Kama una diski nyingi au ni mtu wa Nintendo, baki na konsoli: chotara hizi hazina pa kuingiza diski, na Mario hutampata Steam. Kama tayari una maktaba ya michezo Steam, mimi ningenunua chotara bila kusita.