Dada wa Lindi, usiyachome hayo madaftari

Bwana asifiwe, dada. Umeeleza kwamba una madaftari matatu ya hadithi, mojawapo ya mama muuza pweza, na mzee mmoja wa kanisa kakwambia kuandika mambo ya Mungu ni kazi ya wachungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Masasi. Kanzu pekee niliyowahi kuvaa kanisani ni ya kwaya, na nimetoa vijitabu viwili. Mwombe mzee afungue Warumi 16:22. Aliyeshika kalamu ya waraka ule wa Paulo ni Tertio, na anatoa salamu zake mwenyewe humo humo. Luka naye hakuwa katika wale kumi na wawili. Alikuwa tabibu, na anasema wazi mwanzoni mwa Injili yake kwamba alijitafutia habari kwa usahihi kwanza, ndipo akaandika.

Hapo kwenye kutafuta habari ndipo nilipochemka. Hadithi yangu ya kwanza ilimhusu mjane. Nikaenda kumsomea bibi mmoja jirani, hajui kusoma, nikamkuta anabangua korosho. Vidole kavipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimuunguze, anagonga, anasikiliza, anagonga. Nilipofika kwenye sala ya yule mjane, ukurasa mzima, akaacha kugonga.

"Mwalimu, mume kafa jana, leo anaomba kama mtu wa redioni? Mimi mzee wangu alipofariki nilisema, Mungu wangu, salfa ya mikorosho sasa atapuliza nani? Basi."

Nilifuta ukurasa wote, nikamwomba ruhusa, nikaiweka ile salfa. Watu wakinikuta sokoni, hiyo ndiyo wanayoitaja.

Kwa hiyo soma kwa sauti, msomee mtu asiye na sababu ya kukusifu. Mchungaji mpelekee baadaye. Atakusahihisha fundisho, ila hatakwambia kwamba mjane wako hafanani na mjane yeyote. Wasomee na majirani Waislamu, maana ndio wengi huko pwani. Rafiki yangu mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole mbona mwizi peke yake ndiye mwenye jina la Kiislamu. Sikuwa nimeliona. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumaliza chai.

Kuchapa: usilipe fedha zote mwanzoni. Mimi nililipa zote, Dar, nakala 300, zikaja kurasa 17 hadi 32 zikiwa juu chini. Simu haikupokelewa tena. Lipa nusu, dai nakala moja ya mfano, ikague ukurasa kwa ukurasa, ndipo useme endelea. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, usimpe dalali hela. Ukinukuu Biblia, taja ni tafsiri ipi, na kama manukuu ni marefu omba kibali kwa wenye haki.

Halafu msimu. Kijitabu cha kwanza nilikitoa Machi, watu wamekaukiwa, nikauza kumi na moja. Cha pili nikasubiri malipo ya mnada wa korosho, Novemba, nikakiweka mezani mlango wa kanisa baada ya ibada. Kiliisha kabla ya Krismasi.

Usichape madaftari yote matatu. Ningekuwa wewe ningeanza na muuza pweza. Jioni moja nenda naye ufukweni, akiwa anapigapiga pweza wake, umsomee.