Swila chini ya kuni, tumbili kwenye nyanya

Masika yakikolea, barua za ukurasa huu hubadilika. Mbolea na wadudu wa mchicha huwekwa kando, na wasomaji wanatuuliza kuhusu waliowakuta uani. Tumechagua barua tano. Ya nyoka tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu hapo kosa dogo lina gharama kubwa.

Wahariri, hamjambo? Nimeinua kuni nyuma ya jiko nikamkuta nyoka mweusi. Akanyanyua kichwa na kutanua shingo, kisha akaingia ndani zaidi. Jirani ameniambia nimwage mafuta ya taa kuzunguka nyumba na kupanda kitunguu saumu. Nina watoto wadogo. Je, inasaidia? Na nikimwona tena nifanyeje?
*Mama wa wawili, Bagamoyo*

Hatujambo, mama. Nyoka anayetanua shingo kwa kawaida ni wa jamii ya fira, na kwa usalama wako mchukulie kuwa swila, yule anayetema sumu. Mafuta ya taa hayamzuii. Harufu yake huisha baada ya siku chache, udongo unaharibika, na penye jiko la mkaa karibu umejitengenezea hatari ya moto. Kitunguu saumu panda kwa ajili ya pilau.

Swila amefuata panya na vyura, akakaa kwa sababu kuni zimempa maficho. Kwa hiyo kazi inaanza na panya. Pumba na mahindi ya kuku yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko unaobana, na mabaki ya chakula cha kuku yafagiliwe kabla ya jua kuzama. Kuni ziondoke ukutani, zipangwe juu ya kichanja chenye kimo cha sentimita 30 hadi 40, ili chini yake paonekane na kufagilika. Hivyo hivyo kwa matofali yaliyobaki ya ujenzi na mabati ya zamani, ambayo watu wengi huyasahau. Fyeka majani yawe mafupi kwa upana wa mita 3 kuzunguka nyumba, na ukate matawi yanayogusa paa. Chini ya mlango fundi apigilie kipande cha mpira kinachofika sakafuni, maana nyoka mchanga hupita kwenye upenyo wa sentimita 1. Matundu ya mifereji ya maji machafu yazibwe kwa wavu wa chuma wenye macho ya milimita 6.

Ukimwona tena, rudi nyuma polepole hadi uwe mbali naye kwa mita 5 au zaidi. Swila hufikisha sumu mita 2 hadi 3, na hulenga uso. Watoto na mbwa waingie ndani. Mtu mzima mmoja abaki akimtazama kwa mbali, mwingine ampigie simu ofisa wa wanyamapori wa wilaya au mtu mwenye ujuzi wa kukamata nyoka. Usichukue fimbo. Wengi huumwa wakijaribu kumuua, na hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma kwa muda baada ya hapo. Akiingia chumbani, funga mlango wa chumba, ziba chini yake kwa taulo, na kama chumba kina mlango wa nje, ufungue apate njia ya kutoka.

Sumu ikiingia jichoni, muda ndio kila kitu. Mwoshe hapo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole. Kichwa kilale upande wa jicho lililoathirika ili maji yasiende kwenye jicho lisiloathirika. Asilisugue. Kama maji hayapo kabisa, maziwa yatatumika kama kimiminika tu. Hayana uwezo wa kuua sumu kama watu wanavyodhani, na maji yakiwepo hayana haja. Usitie majani, asali wala dawa ya macho iliyobaki kabatini. Baada ya kuosha, nendeni hospitali siku hiyo hiyo hata kama maumivu yamepungua, kwa sababu kioo cha jicho kinaweza kuwa na vidonda visivyoonekana kwa macho, na vikiingia wadudu mtu anapoteza uwezo wa kuona. Sumu iliyomwagikia ngozi isiyo na kidonda huoshwa tu.

Akiuma, ni habari nyingine. Mgonjwa atulie, avuliwe pete, saa na bangili kabla ya uvimbe, mguu au mkono ufungwe kwenye banzi usichezecheze, abebwe badala ya kutembea. Andika saa aliyoumwa. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usibandike jiwe la nyoka. Kamba iliyokazwa na sumu ya aina hii, inayooza nyama, ndiyo njia ya haraka ya kupoteza kiungo. Kwa maumivu mpe paracetamol, aspirini isitumike. Nyoka mwenyewe msimbebe kwenda naye hospitali.

Na usiku: viatu vya kufunika vidole, tochi mkononi, na watoto wasilale sakafuni. Walale kitandani, chandarua kikiwa kimechomekwa chini ya godoro.

Nyuki wametua kwenye tawi la mwembe wangu tangu jana mchana, rundo kubwa kama mtungi. Vijana wa mtaani wanataka kuwachoma moto. Mimi nina kuku na mbuzi wawili hapo chini. Nipeni ushauri.
*Mzee wa Kondoa*

Shikamoo mzee. Wazuie vijana. Rundo linaloning'inia tawini bila masega ni kundi lililohama, na halijaamua pa kukaa. Nyuki hao wamejaza asali matumboni, hawana watoto wa kulinda, na hata nyuki wetu wa Afrika wanaosifika kwa ukali huwa wapole kiasi katika hali hiyo. Kwa kawaida huondoka ndani ya siku 1 hadi 3, wapelelezi wao wakishapata tundu. Moto au jiwe litawageuza papo hapo. Nyuki mmoja akichoma huacha harufu ya tahadhari, inayofanana na ya ndizi mbivu, na wenzake huifuata harufu hiyo.

Hamisha mbuzi leo hii. Mnyama aliyefungwa kamba ndiye anayekufa nyuki wanapochafuka, kwa sababu hawezi kukimbia. Kuku wafungiwe ndani. Jenereta na mashine ya kusaga visiwashwe jirani na mti, mtikisiko unawaudhi.

Ukimpata mfugaji wa nyuki, aje jioni jua likizama. Atavaa mavazi yake, atafukiza moshi kidogo, aweke mzinga mtupu chini ya tawi na kulitikisa kwa nguvu mara moja. Malkia akiingia, waliobaki wanamfuata. Kwa yeye hiyo ni mali, kwa hiyo huenda asikudai hata senti, muulize kwanza.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni nyumba yako. Kagua leo matundu ya hewa, dari na nyufa za ukuta, ukafunike kwa wavu wenye macho ya milimita 3. Nyuki wakiingia ukutani na kukaa wiki moja, tayari kuna masega na watoto, na hapo watapigana. Kuwapulizia sumu wakiwa ukutani ni kununua tatizo jipya: asali inabaki bila wa kuitunza, inayeyuka na kuchuruzika, inaita sisimizi na panya, na harufu ya nta huleta kundi jingine msimu ujao. Dawa ni kufungua ukuta, kuondoa masega yote, kuosha, kuziba na kupaka rangi.

Wakikushambulia, mzee, usijitupe majini wala usipunge mikono. Funika uso kwa shati na uingie ndani ya nyumba, mlango ukafungwa hata kama wachache wameingia nawe. Mwiba uondoe upesi kwa kucha au namna yoyote. Kila sekunde unaongeza sumu. Ulimi kuvimba, pumzi kubana, ngozi kuumuka mwili mzima au kuzimia ni mambo ya hospitali mara moja. Mtoto aliyechomwa mara nyingi apelekwe hata kama anacheza.

Tumbili wanamaliza nyanya zangu zikianza tu kuwa nyekundu. Nimeweka sanamu ya mtu, wameizoea. Kuwapa ndizi upande wa pili wa ua kutawatoa bustanini?
*Dada wa Mtwapa*

Kutawaongeza, dada. Tumbili aliyelishwa na mtu huacha kumwogopa mtu, na hatua inayofuata ni kuingia jikoni. Kama kuna jirani anayewarushia mkate, anza na mazungumzo naye, la sivyo yote yafuatayo hayatafua dafu.

Vuna nyanya zikigeuka rangi kidogo tu, zimalizie kuiva ndani. Kwa bustani ndogo, kinachofanya kazi kweli ni kibanda cha wavu: nguzo za mita 2, waya wa kuku wenye macho ya milimita 25 pande zote *na juu*. Juu ndipo watu wanapobania fedha, na ndipo tumbili anapoingilia. Mlango uwe na komeo la kuzungusha. Lachi ya kusukuma wanaifungua. Matawi yaliyo karibu na kibanda yakatwe. Sanamu hufaa ikihamishwa kila siku na kuvalishwa nguo tofauti, na hata hivyo ni kwa wiki chache. Nje ya wavu panda pilipili na vitunguu, ambavyo hawavigusi sana.

Usimkodolee macho dume wala kumwonyesha meno, kwake huo ni ugomvi. Mbwa mdogo asiachiwe awafukuze. Meno ya dume ni marefu kuliko yake. Akiuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali kwa ushauri wa chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Sumu kwenye ndizi ni kosa kisheria, na wa kwanza kuiokota anaweza kuwa mtoto wa jirani. Ukiona mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, huyo ni mbega. Anakula majani, nyanya zako hazimhusu.

Mayai yanapotea bandani na sioni hata ganda. Wengine wanasema kenge, wengine nguchiro. Nitajuaje?
*Mfugaji, Morogoro*

Umeshajijibu nusu. Kenge humeza yai zima, kwa hiyo haachi ganda. Nguchiro hulivunja, wengine kwa kulirusha kinyumenyume kwenye jiwe, na maganda hubaki hapo. Hakikisha kwa kumwaga mchanga laini au majivu mlangoni jioni na kukagua mchana na asubuhi. Kenge huacha alama za kucha ndefu na mstari wa mkia katikati, na yeye ni mwizi wa mchana. Nyoka pia humeza yai zima, ila njia yake haina nyayo. Kama kuku kadhaa wameuawa usiku mmoja bila kuliwa, tafuta kicheche au kanu.

Kenge akithibitika, okota mayai mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Waya mwembamba wa kuku ataupasua kwa kucha. Tumia wavu wa kuchomelea wa macho ya milimita 12, ufukiwe sentimita 30 chini, kisha ukunjwe kuelekea nje sentimita 30 nyingine, ili akichimba akutane nao. Usimbane pembeni. Mkia wake unachapa vibaya na anauma. Akiwa na njia ya kutoka, ataondoka mwenyewe.

Bundi weupe wameweka makazi darini. Mama mkwe anasema ni uchawi tuwatoe leo. Mimi naona panya wamepungua.
*Baba wa familia, Tabora*

Mpe mama heshima yake, lakini macho yako yameona sawa. Bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo anaishi kwa kula panya, na ile sauti ya kukwaruza usiku ni makinda wakidai chakula. Hutaga mayai 4 hadi 7, huyaatamia kama mwezi mmoja, na makinda huruka wakiwa na wiki 8 hivi. Ukiziba tundu sasa, makinda watafia darini na nyumba itanuka kweli. Acha pia kuweka sumu ya panya, maana bundi akila panya aliyelishwa sumu naye hudhurika.

Mpaka waondoke, tengeneza kasha la mbao, sakafu sentimita 40 kwa 60, mlango wa duara wa sentimita 15 ukiwa juu ya sakafu kwa sentimita 45 ili makinda wasianguke. Toboa matundu madogo sakafuni ya kutolea maji. Lipachike mtini au kwenye nguzo, kimo cha mita 4 na zaidi, mlango usielekee upande mvua inakotoka. Wakishatoka wote, thibitisha usiku kwa kusikiliza siku tatu mfululizo, kisha panda darini mchana ukiwa umevaa barakoa, zoa vinyesi baada ya kuvilowesha maji visitimke vumbi, na ndipo uzibe tundu.